Gari Langu Halina Kazi, Shangazi

Komini ya Shari,
Bunia.
Tarehe 11 Novemba 2025

Mpendwa Shangazi Domitille,

Nakusalimu sana kutoka huku nyumbani. Goti lako linaendeleaje? Tumesikia umeiacha ile fimbo, tukafurahi, ila Mama hataki kuamini mpaka akuone ukitembea. Mvua zimeshaanza huko Lubumbashi? Huku matope yanatuingilia mpaka sebuleni. Sisi tu wazima, Mungu asifiwe. Mama ana presha yake ile ile na ubishi wake ule ule.

Barua hii nimeianza mara tatu. Kwenye simu nashindwa, maana ukicheka tu nasahau nilichotaka kusema.

Ni juu ya gari. Unajua kwamba kwa miaka tisa nimetengeneza pampu za wachimbaji kule Mongbwalu, na wengi walinilipa kwa dhahabu, punje kwa punje. Niliziweka katika kichupa cha dawa ya macho. Kwa hesabu yangu ilibaki miaka mingine mitatu kufikia bei ya gari. Halafu bei ya dhahabu ikapanda, ikapanda tena, na siku moja mnunuzi aliponipimia nikajikuta nimepungukiwa dola mia tano tu. Ukanitumia wewe. Nilikuambia ni gari la kunisaidia maishani, ukaelewa teksi, nami sikukusahihisha. Hapo ndipo nilipokukosea.

Si teksi, Shangazi. Ni Subaru ya turbo, ya bluu, ya zamani kidogo, gari la mbio hasa. Ukiliwasha, mbuzi wa jirani wanakimbia. Nimelitamani tangu nina miaka kumi na mitano.

Tena hapa Bunia nitakimbilia wapi? Kutoka kwetu hadi kwenye lami kuna mitaro miwili, na gari liko chini mno. Kila safari nashuka, natoa mbao mbili kwenye buti, nazitandika, navuka, narudi kuziokota. Wenye pikipiki wanasimama kunitazama. Mdogo wangu Gaël alinipigia kelele mbele yao, mimi kaka yake mkubwa: "Yaya, weye unabebaka barabara yako mu mutuka!" Nilicheka nao, lakini iliniuma.

Mama akamwita padri aje kulibariki, kama tunavyofanya kwa kila gari. Teksi huombewa abiria, lori huombewa mizigo, kwa hiyo padri akauliza, "Mutuka hii iko ya kazi gani?" Nikajifanya nafuta taa. Mama akajibu haraka, "Iko ya kazi tu, mon père." Padri akanitazama, akanyunyiza maji, akaombea matairi. Niliona haya kweli.

Gaël naye, kwa kuwa ulimwahidi kiti cha dereva, anakuja kila asubuhi na shati lililopigwa pasi. Bado sijamwambia kwamba hakuna teksi. Nampa chai, tunazungumza habari za mpira.

Jumapili baada ya misa nikampandisha Mama mbele. Barabara ilikuwa tupu, nami nikaenda polepole kwa ajili ya presha yake. Akanigonga goti: "Ongeza." Nikaongeza. "Ongeza, Rodrigue! Unaogopa nini?" Basi nikakanyaga. Kitambaa chake cha kichwa kikaanguka, akapiga vigelegele mpaka lami ikaisha. Niliposimama nikaona anafuta macho. Akasema tu, "Ile siku ya kukimbia vita ya Djugu, tulitembeaka siku tatu." Kisha akaniambia turudi, majani ya sombe hayajatwangwa. Sijui kama nilimfurahisha au nilimtonesha kidonda. Naogopa kumwuliza.

Jana alikuja tajiri mmoja wa samaki kutoka Kasenyi. Analitaka kwa bei iliyo juu kuliko niliyonunulia. Akili yangu yote ilisema uza: ununue gari la teksi, Gaël apate kazi, Shangazi arudishiwe pesa zake. Tukapatana. Lakini aliponinyooshea bahasha, mkono wangu haukwenda. Nikajisikia nasema gari si langu peke yangu, ni la shangazi yangu pia, lazima nimwulize. Sijui kama nilisema kweli au nilijificha nyuma ya kitenge chako.

Atarudi Jumatatu. Barua hii anakuletea Sista Claire wa parokia yetu, anayepanda ndege kesho. Ukiisoma, nipigie. Ukisema niuze, nitauza bila kinyongo, na dola zako zitakufikia siku hiyo hiyo. Ukisema nibaki nalo, utakuwa umenipa kitu ambacho sikuthubutu kukuomba.

Msalimie Mjomba Lucien, pia Vanessa na watoto wake. Mama anakusalimu, hajui ninayokuandikia. Mungu aliimarishe goti lako, na akupe moyo wa kunisikiliza mpaka mwisho kabla hujanigombeza.

Ni mimi mwanao nikupendaye, ambaye hakukuambia ukweli,

Rodrigue