Mchezo Usiongoja Zamu

Jumatatu, 1 Machi 1999

Kumbukumbu za kikao cha wazee wa kanisa zimepigwa chapa. Kurasa nne. Nimezisahihisha kabla mchungaji hajatia sahihi. "Bantu iko benyi," badala ya watu wako wengi. Sitaki sentensi ya namna hiyo itoke katika ofisi ninayoiandikia. Nyumba iko. Mtu yuko. Nilifundisha hivyo miaka thelathini na sitaacha leo.

Jenereta iliwashwa baada ya chakula cha mchana. Mado, mke wa mwanangu, alimaliza kupiga barua, akafungua mchezo wa Ilunga kwenye kompyuta. Dakika kumi tu, alisema. Ikawa saa nzima. Nilikaa kwenye kiti changu karibu na mlango, mbali naye, kama ipasavyo kati ya baba mkwe na mke wa mwanawe. Nilijiambia kwamba nachunga mafuta.

Ilunga, mwanangu, ni fundi wa reli. Alipanda gari la moshi kwenda kaskazini, na hii ni wiki ya tano. Vita viko huko. Hakuna habari.

Jumatano, 3 Machi

Nimeutazama tena mchezo ule. Naandika sifa zake kwa haki, ingawa sikuupenda.

Unapewa nyumba moja na watu watatu, kila mmoja kama punje ya mtama. Unawatuma kukata miti, kuchimba dhahabu, kujenga. Kisha unafunza askari, kwa kuwa mahali fulani yuko adui afanyaye kazi zilezile. Mchezaji mjinga hukimbilia askari. Ilunga hujenga maghala kwanza. Nimeiona kazi yake, kwa sababu mchezo aliouacha nusu umehifadhiwa katika mashine. Nyumba ziko katika mstari. Njia ni safi. Huyo ni mtoto niliyemlea.

Katika kisolo, bao letu, unagawa mbegu mashimoni, kisha unatulia, unamngoja mwenzako. Hapa hakuna zamu. Ukifikiri, adui anafanya kazi. Ukinywa maji, anafanya kazi. Ndiyo sifa yake kubwa, na ndiyo inayonitia baridi.

Jambo jingine. Nchi yote ni nyeusi mpaka mtu wako apite kwa miguu yake. Akipita, weusi unafunguka. Akiondoka, picha inabaki, lakini ni picha ya siku aliyopita. Msitu unaouona huenda umekwisha kukatwa. Nyumba unayoiona huenda imeungua. Mchezo haukuambii.

Nimezifikiria stesheni za kaskazini. Nazikumbuka zote. Zote zina rangi ukutani na wanawake wauzao samaki.

Jumamosi, 6 Machi

Mwalimu mmoja wa sekondari, aliyesikia habari za mchezo, aliniuliza ataupata wapi. Nilimjibu kwamba haupatikani. Ilunga aliunakili Lubumbashi kabla ya vita, kutoka kwa karani aliyeachiwa na mzungu aliyekuwa akifunga mizigo. Disketi kumi. Duka lililouza disketi limefungwa. Na huko ulikotengenezwa nasikia umeshakuwa mzee, wanauza mingine. Ulio ndani ya mashine yetu ukifutika, basi.

Tena si mzima. Disketi ya sita iliingiwa na unyevu, nayo ndiyo yenye sauti. Kwa hiyo mchezo wetu ni bubu. Miti inaanguka kimya. Watu wanapigana kimya, wanaanguka kimya. Mifupa yao inabaki kidogo juu ya ardhi, kisha ni majani tu.

Ilunga alisema atatafuta disketi ya sita iliyo nzima kwa wenzake wa reli. Siku ya safari aliitia ile mbovu katika mfuko wa shati, awe na mfano wa kuonyesha. Ndivyo nilivyomwona mara ya mwisho. Mkono mfukoni, akihakikisha haikuanguka.

Jumatatu, 8 Machi

Mtu mmoja wa Ilunga ameacha kazi.

Alikuwa akikata miti upande wa juu. Hakuna aliyemwamuru. Alianza kutembea kuelekea kulia, ndani ya weusi, peke yake. Weusi ulifunguka mbele yake kama kichochoro, ukawa kijivu nyuma yake. Mado aliondoa mikono mezani. Tulimtazama mpaka akafika kwenye maji mengi. Hapo akasimama.

Najua sababu. Ilunga alinieleza. Miti ikiisha, mkataji hutafuta mingine mwenyewe. Ni hesabu ya mashine. Lakini kando ya maji yale hakuna mti hata mmoja.

Mado aliweka mezani kile kidude cha kuongozea, akasogea pembeni, nami nikakishika kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nilimbonyeza mtu yule, nikamwonyesha nyumba. Mara moja. Hakugeuka.

"Mumuache, Baba," Mado alisema. "Jina ya mara moja, muntu hapana kuitika."

Ndivyo tulivyolelewa sote. Sauti isiyo na mwenyewe ikikuita mara moja, nyamaza, ngoja ya pili. Nilitaka kumkemea kwa ushirikina. Jenereta ikakatika, skrini ikawa nyeusi yote.

Jumanne, 9 Machi

Hakuna mafuta. Ofisi imefungwa. Nimemfikiria mtu wa punje ya mtama mchana kutwa. Naona aibu.

Alhamisi, 11 Machi

Mafuta kidogo yamepatikana. Tumeufungua mchezo.

Jumatatu hatukuhifadhi chochote, umeme ulikatika ghafla. Kwa hiyo mtu yule alipaswa kuwa msituni na shoka lake, mahali pale Ilunga alipomwacha. Yuko kando ya maji.

Nilimwuliza Mado kama aliuhifadhi bila kuniambia.

"Minyi sikugusa, Baba."

Nilimwuliza tena kwa ukali. Akalia. Ana wiki sita za kutolia mbele yangu na mimi nimezivunja kwa swali la mashine.

Sasa naona kwamba hapo juu nimeandika "yuko". Kwa kitu kisicho na pumzi. Sijui kwa nini silifuti neno hilo.

Jumapili, 14 Machi

Habari zimekuja.

Kyungu, mwendesha foni, ile redio ya stesheni, alinikuta nje ya kanisa baada ya ibada. Alikuwa mwanafunzi wangu. Siku moja nilimsimamisha mbele ya darasa kipindi kizima akirudia: kiti kiko, nyumba iko, mtu yuko. Tangu siku hiyo, ujumbe wowote wa redio anaoniletea huutengeneza kwanza. Maneno ya watu yanaingia masikioni mwake yalivyo, yanatoka katika kalamu yake yamenyooka. Nilikuwa nikijivunia.

Leo alinipa karatasi kwa mikono miwili, akaondoka upesi. Hakunitazama usoni.

"Ilunga iko Kabondo-Dianda. Mutume bantu bamufwate."

Niliisoma mara tatu nikiwa nimesimama juani. Kyungu hawezi kuniandikia "iko" kwa mtu aliye hai. Hawezi. Mtu yuko. Maiti iko. Na mtu mwenye miguu yake haendewi na watu, huja mwenyewe. Mwanangu amekufa, na Kyungu amenipasha kwa njia pekee aliyojua kwamba nitaielewa mimi na si mwingine.

Mado alikuwa akija, amebeba viti vya kina mama. Nikatoa kalamu. Nikafuta i, nikaandika yu. Kwa adabu yetu simpi kitu mkononi, kwa hiyo niliiweka karatasi juu ya ukuta mfupi, akaichukua. Aliisoma kwa sauti. Akaketi vumbini na gauni lake la kanisa, akacheka, akacheka.

Nimesema uongo kwa herufi mbili.

Jumatatu, 15 Machi

Ndugu zangu wawili wameondoka asubuhi kwa gari la mizigo. Niliwaambia ninavyoelewa mimi. Mdogo alitaka kubisha, mkubwa akamshika mkono.

Mado amefua mashati yote ya Ilunga, yale safi pia. Aliimba. Alipoingia jikoni nilichukua moja kutoka kwenye kamba, nikalipeleka kwa seremala nyuma ya stesheni, apate kipimo cha mabega. Urefu nilimwonyesha kwa mkono juu ya kichwa changu, kwa kuwa Ilunga ananizidi kiganja kimoja. Seremala hakuuliza ni kwa ajili ya nani. Aliuliza tu kama kifuniko kiwe na bawaba au misumari.

Nililirudisha shati kwenye kamba kabla halijakauka.

Jumanne, 16 Machi

Mado ameniomba nimruhusu ahifadhi mchezo vizuri, Ilunga akija akute mji wake haujaharibika. Nilimruhusu. Alitaka kunionyesha. Sikutaka. Kisha nilitazama.

Mtu bado amesimama. Weusi umemzunguka pande tatu, mbele ni maji. Nilijaribu kujua kama namwona alivyo sasa au naona picha ya siku niliyomwona. Sikuweza kujua. Mikono yangu niliiweka magotini, nikaiacha huko.

"Anangojea mutumbwi," Mado alisema, akacheka.

Katika mchezo huu hakuna mitumbwi. Ilunga aliniambia. Ilikuwa katika disketi ya sita.

Alhamisi, 18 Machi

Gari la moshi liliingia alasiri. Mado alikuwa mbele ya watu wote. Mimi nilisimama mwisho kabisa, kwenye behewa la mizigo, mahali sanduku lingeshushwa ili liingizwe katika lingine. Seremala alikuwa nyuma yangu na mkokoteni wake, umefunikwa turubai. Nilikuwa nimeligeuzia mgongo behewa la abiria. Mlango wa mizigo ulifunguliwa. Magunia ya samaki wakavu. Baiskeli. Magunia. Nilingoja mpaka sakafu ikawa wazi.

Nikasikia sauti ya Mado. Si kilio. Nakijua kilio.

Niligeuka. Ndugu zangu walikuwa wamembeba katikati yao. Mguu mmoja umefungwa vitambaa, umevimba, hauwezi kukanyaga. Ndiyo sababu walitakiwa watu wa kumfuata. Amekonda mpaka masikio yamekuwa makubwa. Alinitazama, akautazama mkokoteni, akalitazama umbo lililo chini ya turubai.

"Baba," alisema. "Munangoja mizigo?"

Nikasema ndiyo.

Ijumaa, 19 Machi

Nilikwenda kwa Kyungu katika chumba chake cha foni. Alisimama upesi, kama darasani. Nilimwuliza kwa nini aliandika "iko".

Alivutavuta waya wa redio. Kisha akasema, "Siku zote kama naandikia Mwalimu, natengeneza maneno. Ile siku niliogopa. Sauti ilikuwa mbali, inakatika. Nilisema, kama nageuza hata herufi moja, labda nageuza na muntu. Njo niliacha vile ilikuja."

Nilimpa mkono. Alishangaa, nami pia.

Hakunitazama usoni Jumapili kwa sababu aliona haya ya kosa la sarufi. Si zaidi ya hapo.

Jumapili, 21 Machi

Ilunga amesimulia kidogo. Gari lao lilizuiwa kaskazini, risasi, watu wakatawanyika. Alitembea usiku na mchana na wenzake wawili. Walipata mtumbwi upande wa juu wa mto, ukawateremsha kipande, wakashushwa. Hatimaye walifika kwenye ziwa, ng'ambo ya Kinkondja, na hapo wakasimama siku tatu. Wavuvi waliwaona kutoka mbali na hawakukaribia. Mtu yeyote anayetoka katika majani siku hizi huogopwa.

Jioni moja, kabla jua halijazama, wakasikia kuitwa kutoka nyuma, katika matete. Kila mmoja jina lake. Wenzake waligeuka, wakaingia matete, wakidhani ni watu wa nyumbani. Hawakurudi. Yeye hakugeuka.

"Ilikuwa sauti ya muzee," alisema. "Kama Baba kule darasani. Minyi niliitwa mara moja tu. Ningeitwa mara ya pili, ningeenda."

Nilimwuliza ilikuwa siku gani. Hajui. Siku zilimchanganya. Anafikiri ni mwanzo wa wiki, na kesho yake wavuvi, walipomwona peke yake na mguu mbovu, walimvusha.

Sikumwambia juu ya kidude kile, wala kidole changu.

Alasiri alitaka kufika ofisini. Tulimkalisha mbele ya mashine, mguu juu ya kigoda. Mado alimfungulia mji wake. Alipekua nyumba zake, akaridhika. Kisha akamwona mtu kando ya maji. Alimtazama muda mrefu.

"Nani alimuweka pale?"

Mado alinitazama. Nilisema hakuna. Ilunga hakumbonyeza. Alitoa mfukoni disketi ya sita, ile mbovu, ina doa la matope, akaiweka juu ya meza. Nzima hakuipata. Nilimwambia haidhuru.

"Acha ibakie bubu, Baba," alisema, akazima.

Seremala amekubali kuzigeuza mbao zile ziwe benchi. Urefu wake unatosha watu wawili.

Karatasi ya Kyungu Mado ameibandika ukutani, karibu na saa. Wameenda kulala mapema wote wawili. Nimechukua kalamu. Nimefuta yu, nimerudisha i kama ilivyokuja.

Ilunga iko.