Mvua ya Burma

Alhamisi, 12 Machi 1964

Nimemdanganya Kukhu, nyanya yangu, na sijui nitajitoaje.

Kila Alhamisi redio hutangaza kumbukumbu za askari waliopigana Burma. Kukhu hajui Kiswahili, kwa hiyo mimi humtafsiria. Tangu nimalize shule, hiyo ndiyo kazi yangu.

Leo mzee mmoja alisema alimzika mwenzake kando ya mto: Makokha wa Navakholo, mwenye pengo, aliyependa kupiga mluzi. Huyo ni baba mkubwa, kifungua mimba wa Kukhu. Miaka yote hii Kukhu amekataa tuzike shina la mgomba badala yake, kama watu wetu wanavyomzikia asiyerudi.

"Anasemaje, mjukuu wangu? Mbona umenyamaza?"

"Anasema mvua ya huko ilikuwa kubwa, Kukhu."

"Maneno yote hayo, mvua tu?" Akacheka. "Wanaume wakizeeka!"

Kipindi kitarudiwa Jumapili, na jirani naye ana redio. Lazima nimwambie kabla ya hapo.

Jioni mgongo ulimuuma, akaniomba nipakue mimi. Nilipakua obusuma, ugali wetu, ya kila mtu. Halafu, kama afanyavyo yeye siku zote, nikamwekea Makokha sahani yake, nikaifunika.