Mgonjwa Hayuko Kitandani

Mjukuu wangu Mwanasha,

Marahaba. Sote hatujambo, ila mama yako amenuna. Wauliza kama ni kweli natembea kila asubuhi hadi kijiji cha Mwabungo, ilhali wiki ijayo napasuliwa saratani ya titi. Ni kweli. Daktari ameniagiza niingie kwenye upasuaji na nguvu zangu.

Jana majirani walikuja kunitazama, wakakuta kitanda kitupu. "Mgonjwa gani huyu, hana hata adabu ya kulala?"

Nilipomzaa mama yako nililazwa ndani siku arobaini nzima, kwa mapenzi ya watu wangu. Siku ya kutoka miguu ilinikataa, nikashikwa mkono mpaka uani. Hapo nilijua kuwa mapenzi nayo hulegeza mifupa.

Nikishapasuliwa nitasimamishwa mapema, nitembee tena. Mwambie mama yako, maana mimi hanisikii: atakayekuja kunitazama avae viatu vya kutembelea.

Bibi yako