Picha Mia Tatu na Benchi za Mama Odette

Mudogo wangu Ngoy, jambo sana toka Kamina, kwenye vumbi na joto.

Siku mbili nimekutukana kimoyomoyo kwa hii mashine ya kompyuta uliyonichagulia. Picha mia tatu za kadi za wanafunzi za kusafisha, sekunde arobaini kila moja: kazi ya saa tatu na dakika ishirini, na jenereta ya shule inawaka kwa saa mbili tu. Sista mkuu alisema nisipomaliza leo, kazi inaenda kwa mwingine.

Nikaenda kula bukari na samaki kwa Mama Odette, bibi ya askari, anayeuza chakula. Nikapiga kelele toka benchi ya tatu: "Mama, anza na minyi, niko na haraka!"

"Ngoja, mama ya mashine! Minaleta sahani ine kwa watu wanne, minamaliza benchi moja. Nikiruka-ruka, nitarudia jikoni mpaka kesho!"

Watu wakacheka. Nikaacha samaki, nikarudi mbio kwa mashine: programu yangu ilikuwa inaruka-ruka vile.

Prosesa, ubongo wa mashine, iko na kashe, rafu za ngazi tatu za kuweka karibu inachotumia: ya kwanza ndogo na ya haraka kabisa, ya tatu kubwa na ya polepole. RAM, ghala kubwa ya kumbukumbu, iko mbali zaidi. Ukiomba nukta moja ya picha, inakuja na jirani zake wa mstari huo. Programu yangu ilishuka wima, nukta moja kila mstari, ikaacha jirani wote bure. Nikaigeuza ifuate mstari: sekunde sita kila picha! Nusu saa, zimeisha zote.

Basi mashine yako haina kosa. Njo kusema, nimekutukana bure. Bakia salama, ukumbatie watoto, na usimwonyeshe mtu hii kadi ya posta, ingawa haina bahasha na watu wa posta wameisha kuisoma.

Dada yako mukubwa, Yaya