Vidonge Nilivyompa Mzee Tluway

Karatu,
mwezi Julai

Dada yangu Bernadeta,

Nakusalimu kwa upendo mwingi kutoka huku kwenye upepo na ukungu. Mguu wako unaendeleaje tangu uteleze kwenye yale mashimo ya ngoro tunayolimia mlimani? Shemeji naye, kifua kimetulia? Kahawa mmeshaanza kuchuma? Barua uliyompa padre ilinifikia ikiwa imelowa pembeni, lakini niliisoma yote, hata ule mstari uliouandika ukaukata. Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, ila ni kwa mawazo, si kwa ugonjwa. Chakula kipo, mahindi na maharage ya Rhotia yanatutosha. Sukari ndiyo hatujaiona tangu Pasaka.

Nianze na lile litakalokuuma. Desemba sitakuja. Mwanetu Imelda atafunga ndoa mimi nikiwa huku. Masomo yangu yameongezwa mwaka mzima, na aliyesababisha ni mimi mwenyewe. Nataka ulijue kutoka kwangu kabla hujalisikia kwa watu.

Huwa unaniuliza shahada hii ya tatu nasomea nini, wakati udaktari nilishaupata. Nasomea kuuliza, Dada. Kifua kikuu unakijua kwa kikohozi, lakini wakati mwingine huingia kwenye mfuko unaouzunguka moyo. Mfuko unajaa maji, moyo unabanwa, mtu anavimba miguu na kushindwa kulala chali. Wagonjwa hao wote tunawapa sindano na vidonge vya kifua kikuu. Swali letu ni hili: tukiwaongezea vidonge vya homoni, vile vya kupunguza uvimbe, watapona wengi zaidi, au tutawadhuru bure? Kwa hiyo nusu yao wanapata homoni, na nusu wanapata vidonge vinavyofanana navyo lakini ni unga mtupu. Nani anapata nini imeandikwa kwenye karatasi iliyofungiwa kabatini kwa Profesa, Dar es Salaam. Mgonjwa hajui, muuguzi hajui, na mimi sijui. Profesa alitufundisha sisi wanafunzi wake kwamba daktari akishajua, jicho lake linaanza kuona linachotaka. Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari na kuyapigia mstari. Kuandika ni rahisi.

Mwezi wa nne, mvua zikiwa zimeharibu barabara, aliletwa mzee mmoja Mwiraqw kutoka Buger, jina lake Tluway. Walimbeba kwa machela mpaka barabarani, kisha akapakiwa kwenye trekta la shamba la ngano. Alikuja na binti yake Maria. Usiku kucha Maria alikuwa anakaa kitandani, mgongo wake ukiegemea mgongo wa baba yake, ili mzee apumue akiwa ameketi. Nilimtoa maji kwa sindano. Alipopata nafuu kidogo nikamweleza habari za utafiti, Maria akitafsiri kwa Kiiraqw.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Hicho cha unga kitaniua?"

"Hapana, baba. Dawa ya kifua kikuu utaipata yote, upate hiki au kile."

"Na hicho kingine?"

"Kinaweza kukusaidia. Kinaweza pia kukuumiza tumbo. Hatujui bado, ndiyo maana tunatafuta."

Akacheka kwa shida. "Daktari asiyejua! Haya, lete wino." Akaweka dole gumba.

Juma hilohilo tulimpokea mama mmoja Mmaasai kutoka Kakesio, mwenye ugonjwa uleule. Mume wake alikuwa anakuja na kibuyu cha maziwa kila alipopata gari la kumshusha kutoka Ngorongoro. Baada ya wiki tatu mama yule alikuwa anatembea uani, na uso wake umejaa, mviringo. Nilijua homoni hujaza uso. Nikajisemea moyoni, huyu anapata yenyewe. Nikamtazama Mzee Tluway: mashavu yamebonyea, miguu imevimba vilevile, maji yanarudi. Nikajisemea, na huyu maskini anakula unga.

Kanuni ilikuwepo, Dada. Hali ya mgonjwa ikizidi kuwa mbaya, nampigia Profesa simu ya upepo, mgonjwa anatolewa kwenye utafiti, karatasi yake inafunguliwa, anatibiwa kadiri inavyofaa. Sikupiga. Nilimhurumia mzee, hilo ni kweli. Lakini wagonjwa wangu walikuwa wachache na sikutaka kumpoteza hata mmoja kwenye hesabu. Tena nilikuwa na hakika. Nilitaka apone kwa mkono wangu, na bado abaki kwenye daftari langu.

Nikaenda stoo ya dawa, nikachukua vidonge vya homoni vya hospitali, nikaandika kitabuni kwamba ni vya mgonjwa wa pumu. Kila asubuhi nikawa nampa mwenyewe kutoka kiganjani. Siku ya tatu muuguzi wetu Paskalina, mwenyeji wa hapahapa Karatu, mtu mzima asiye na maneno mengi, alinifuata na kile kitabu.

"Daktari, mgonjwa wa pumu yuko wodi gani?"

"Ni wa nje," nikamjibu.

Akanitazama, akafunga kitabu, akaondoka. Sikumbuki kama nimewahi kumdanganya mtu wa umri wake.

Siku ya sita, tukiwa tunapita wodini, Mzee Tluway alishika tumbo, akainama, akatapika. Yalikuwa meusi, Dada, kama machicha ya kahawa. Halafu ikaja damu yenyewe. Maria alipiga kelele kwa Kiiraqw na wagonjwa wote wakaketi vitandani. Paskalina alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono apimwe damu, na ilipolingana na ya mzee akatoa chupa moja bila kungoja kuambiwa. Maria naye akatoa chupa ya pili.

Mimi nikakimbilia chumba cha simu ya upepo. Unaijua ile simu: ukisema Karatu, misheni zote zinasikia. Nikampata Profesa, nikamtajia namba ya mgonjwa, nikaomba afungue karatasi. Nikasikia kabati likifunguliwa huko mbali.

"Huyo anapata homoni yenyewe," akasema. "Tangu siku ya kwanza. Lakini kwa kiasi hicho sikutegemea tumbo litoke damu hivyo. Amepata nyingine mahali?"

Upepo ukawa unavuma kwenye kile chombo.

"Karatu, unanisikia? Amepata nyingine?"

"Ndiyo, Profesa. Nimempa mimi."

Hakugomba. Alinieleza namna ya kupunguza dawa polepole, kwa sababu homoni haikatwi ghafla, akasema atakuja. Nikatoka. Paskalina alikuwa mlangoni ameshika pamba mkononi mahali alipotolewa damu. Alikuwa amesikia yote. Alisema tu, "Twende kwa mgonjwa."

Damu ilikoma siku ya pili. Mzee alipoweza kunywa uji, niliketi kando ya kitanda, nikamwomba Maria atafsiri, nikasema yote: vidonge, kitabu, uongo wa pumu. Katikati Maria aliacha kutafsiri, akanitazama. Nikamwambia, "Endelea, mama." Akaendelea.

Mzee akasema kwa Kiswahili chake mwenyewe, polepole, "Uliona mimi nakufa?"

"Ndiyo, baba."

"Ungeniuliza. Mimi niko hapa, sijaenda mahali. Nilikubali kutokujua, nikaweka kidole. Wewe ndiye hukukubali." Akageukia ukutani.

Siku nne hakunisemesha. Alipokea dawa kwa Paskalina. Siku ya tano nilipokuja kumpima, akanyoosha mkono mwenyewe, akaniuliza kama kwetu tunalima mahindi. Nikamwambia tunalima, kwenye mashimo milimani. Akataka nimweleze mashimo hayo yanachimbwaje. Nilimweleza mpaka maji ya kunawa yakapoa.

Profesa alikuja baada ya wiki mbili, amechoka na vumbi la njia. Alisoma mafaili, akaenda kumwona mzee peke yake pamoja na Maria, kisha akaniita. "Ungeficha, mwanangu, ningekufukuza leo," akasema. "Sasa kaa hapa uandike kila kitu kwa mkono wako. Kitasomwa mbele ya kamati ya chuo." Nikaandika siku nzima. Kamati imenirudisha nyuma mwaka mmoja. Mzee Tluway ametolewa kwenye hesabu, na sasa kila kitabu cha dawa ninachoandika kinasainiwa pia na Paskalina. Nilipomuuliza Profesa kama mama wa Kakesio anapata homoni au unga, alikataa kunijibu. Huenda ni maziwa tu aliyoletewa na mume wake yaliyomjaza uso. Hilo ndilo linalonikosesha raha mpaka leo: nilikuwa na hakika kabisa.

Mzee ameondoka juma lililopita, akitembea, Maria nyuma yake na furushi. Miguu imepungua, analala chali. Kilichomponya siwezi kusema, kwa sababu nilivuruga mwenyewe.

Jana nimempokea mgonjwa mpya, kijana wa Rhotia aliyeoa mwaka huu. Nilimweleza habari za vidonge viwili, mke wake ameketi pembeni. Akaniuliza, "Sasa wewe daktari, kati ya hivyo viwili, ungependa mimi nipate kipi?"

Nikamwambia, "Sijui." Alingoja niongeze neno. Sikuongeza. Akamtazama mke wake, wakasemezana, akasema watalifikiria usiku. Leo asubuhi amekataa. Nimemshukuru, nikamwandikia dawa zake za kawaida, na anatibiwa kama wengine.

Dada, mwambie Imelda mama yake mdogo anamwombea, na kitenge nitampa padre akirudi. Nisalimie shemeji, na wanao wadogo, na mwalimu wangu wa hisabati kama bado anaishi pale juu ya shule. Nisalimie shangazi, mwambie dawa ya macho naitafuta.

Na Baba. Najua kila nikiandika anawaita majirani, na wewe unasoma kwa sauti wakisikiliza. Usiifiche hii. Waite walewale, umsomee yote, na ukifika pale kwenye pumu usishushe sauti.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Skolastika