Kimeng'enya Kinachotema Hewa

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini ule mgongo umekuachia angalau ukalala. Hali ya Mama sikuulizi, najua hajambo. Mimi mwili mzima. Roho ndiyo imechoka, tena kwelikweli.

Uliniuliza, kwa utani wako ule, kwa nini miaka yote hii nashindwa kazi inayofanywa na mchicha. Nilicheka, kisha nikakasirika. Dada, mchicha una jua! Hewa ukaa ni kama majivu, nguvu yake imeshaungua. Kuirudisha iwe chakula ni kupandisha mlima, lazima kitu kisukume. Kimeng'enya changu, ile chachu ya maabara niliyopewa ifanye kazi hiyo bila jua, hakina wa kukisukuma, basi badala ya kuimeza hewa, kinakivunja chakula na kuitema. Nilidhani nakilisha vibaya, maana vingine huitaka hewa yenyewe, vingine huitaka ikiwa imeshayeyuka majini. Nikajaribu zote mbili. Kikatema. Humeza kidogo tu nikikishindilia hewa ukaa tupu kutoka kwenye mtungi, wakati sisi tuliwaahidi wafadhili kitaivuta hii hii iliyoko barabarani.

Bosi wa maabara, tunayemwita Kamanda, akaniambia niongeze kimeng'enya. Nikamweleza kwamba kimeng'enya huharakisha safari tu, mteremko hakiugeuzi. Akasema ongeza. Nikaongeza. Kikatema haraka zaidi. Jamani! Badala ya kunisikiliza, akanikumbusha kwamba shahada yangu iko mkononi mwake.

Juzi wakaja wafadhili wa mradi. Kamanda akawaonyesha mchoro wangu ukutani. Ule mstari wa hewa inayotoka ameugeuza, eti ndiyo inayoingia, na jina langu limeandikwa chini yake! Unanijua nikipandwa na hasira. Nikasimama nikasema mbele yao wote kwamba mchoro umepinduliwa. Jioni kadi yangu ikagoma kufungua mlango wa maabara.

Sasa nikuambie lililobaki. Shahada haipo, na kwa Kamanda haitakuwepo. Na barua hii haijapita posta. Nimeiandika hapa kwenye ngazi za nyumbani, begi liko miguuni, mkono umekataa kubisha hodi. Namsikia Mama humo ndani akisimulia nguo atakayovaa siku ya mahafali yangu, na wewe unamcheka.

Usimwambie kitu, hilo nitalisema mwenyewe. Wasalimie watoto. Naisukuma chini ya mlango sasa hivi. Ukiiona, toka kwanza wewe peke yako.

Ni mimi, kitindamimba wenu,
niko hapa nje.