Mulima Nilipanda bila Kushusha Muguu

Butembo

Kwa Kavira, mudogo wangu, kule Kyavinyonge ku ziwa,

Nakusalimu na mikono mbili. Kifua yako inakuachia unalala? Batoto banakula vizuri? Miye niko. Miguu yangu iko na nguvu kupita ya vijana ba huku, mais roho haiko vizuri. Barua hii naandika na mukono yangu mwenyewe, miye mutu wa deuxième primaire, masomo ya myaka mbili tu, sikuomba mutu. Kama mistari inapanda na kushuka, barabara za Butembo nazo ziko vile.

Siku ile ya kifo uliniuliza ku telefone: «Yaya, juu ya nini haukumuleta?» Nikakata telefone. Leo najibu.

Ulinituma nimutwae Kambale, ndugu yetu, aone tena ziwa kabla muguu yake imumalize. Nilimukuta juu kabisa ya mulima wao huku Butembo, anakaa ku kiti mbele ya mulango, muguu imevimba kama gogo. Nikamwambia: «Twende, nitakubeba ku kinga, ku baiskeli yangu.» Pikipiki haiwezekane, sababu njo ilimuvunja ile muguu, na aliapa hatapanda yoyote tena.

Akacheka. Unajua kicheko yake. «Weye? Mutu wa ku ziwa? Nimekuona unafika unasukuma kinga kama mbuzi inakataa kwenda soko! Kushuka kila mutu anaweza. Nani atanirudisha juu kwa bibi yangu? Siku utapanda huu mulima bila kushusha muguu, siku ile nitakaa nyuma yako.»

Yeye alisema kwa kucheka. Miye nikaishika kama kiapo. Unanijua.

Donc nikapanga chumba kule chini, na kila asubui nashuka mpaka ku soko, nageuza kinga, napanda. Nilikuwa naanza na mbio kabisa, bamama ba soko banapiga makofi, na kabla ya kufika ku moulin, mashine ya kusaga unga, pumzi imekwisha, niko chini. Kambale anaona yote toka ku kiti. Anapiga filimbi na vidole, anaita kwa sauti kubwa: «Leo tena muzee amefia ku moulin! Mumuletee jeneza!» Majirani yote banacheka.

Kulikuwa askari mumoja ku barrière, kizuizi ya barabara, mutu wa mbali, anasema Lingala. Siku moja akaniita: «Papa, malembe! Pole pole! Nguvu yako yote unaimwanga kule chini, ili bamama bakuone. Mulima iko huku juu. Unapandia nani?» Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikaanza polepole, bamama bakanizomea. Nikainama mbele, nikakata barabara kwa kupinda kama nyoka, macho ku gurudumu tu, hapana kuangalia juu. Nikapita moulin. Kisha wiki kazaa nikapita muti wa avoka. Kisha kanisa. Kijana mumoja wa kubeba ndizi ku kinga alishuka kusukuma, na miye nikamupita, Kavira, miye muzee, nikamuuliza kama mama yake anajua mutoto wake iko fasi gani.

Nikakata mousse ya godoro, nikaishona muzuri, nikaifunga ku porte-bagage, nyuma ya kinga, Kambale akae bila kuumia. Ile siku alipoiona, hakupiga filimbi. Masika, bibi yake, aliniambia kisha: ile magaribi alimuomba amufulie koti ya safari.

Asubui ile nilipanda kama mutu mwenye hana mwili. Moulin, avoka, kanisa, vyote viko nyuma. Filimbi sikuisikia. Nikasema moyoni, anaogopa sasa. Nikapiga kengele, nikaita: «Kambale! Toka uone mwanaume!»

Batu balikuwa banapanga mabenchi mbele ya mulango. Kiti yake ilikuwa tupu. Huku mwenye kinga akipita nyumba ya kilio anashuka, anavua kofia. Ilibakia urefu wa mitumbwi mbili hivi nifike.

Nikashusha muguu.

Alikufa alfajiri. Tulimuzika kule juu, amevaa ile koti. Kisha maziko Masika akaniuliza, bila hasira: «Shemeji, miezi ile yote, juu ya nini haukumukalisha tu ku kinga, fasi inapanda usukume? Angekubali. Alikuwa anangojea useme.» Tungeshuka tukifurahi, na kurudi ningesukuma siku ine, siku tano. Kusukuma ilikuwa haya kwangu. Njo jibu yako, mudogo wangu. Sina ingine.

Juzi nilipanda yote, toka soko mpaka ku kiti yake, muguu haikugusa chini. Mutu wa myaka yangu mwenye anaweza vile haiko Butembo muzima. Hakuna mwenye alipiga filimbi.

Unisalimie muke wa muchungaji, mwenye alituombea, na muzee jirani mwenye anashona nyavu, umwambie deni yangu ya kumutania iko bado. Usalimie mama mukwe, umwambie nakula.

Mousse iko bado ku porte-bagage. Ukipata lori ya samaki, uje mpaka ku soko, unipigie. Nitakupandisha ku kaburi yake. Na kama mulima inanishinda, weye ubakie umekaa. Nitashuka, nisukume.

Miye yaya yako,
Paluku